Bunia: Mwanafunzi anayesoma jicho likiwa dirishani

BUNIA. Masomo yanaanza saa mbili, lakini yeye huingia saa moja na nusu. Mwanzoni wenzake walidhani ni bidii, na asistanti mmoja alimsifu mbele ya darasa zima. Si bidii. Anatafuta fasi moja tu: mwisho wa benchi la tatu, upande wa kushoto, karibu na dirisha lisilo na kioo. Kutoka pale ubao hauonekani vizuri, sababu jua la asubuhi linaupiga na chaki inapotea. Lakini ukuta wa chuo unaonekana, na kwenye pengo ambapo matofali yalianguka wakati wa mvua, inaonekana nusu ya pikipiki nyekundu aina ya TVS: taa ya nyuma, kiti kilichoshonwa mara mbili, na bomba la moshi.

Akiandika mistari miwili, anainua kichwa. Taa ya nyuma ipo. Anaandika tena miwili. Ipo. Ndivyo alivyosoma mwaka wake wa tatu, na ukifungua daftari lake utaona: maneno yanakatika katikati, kisha yanaendelea chini kwa wino mwingine, kama mtu aliyeitwa nje na kurudi.

Pikipiki ile bado si yake. Iko kwa kontra. Wanaoishi Bunia wanajua maana yake, ila kwa ndugu walioko mbali ni vizuri kueleza. Mfanyabiashara mwenye pesa ananunua pikipiki, anamkabidhi kijana, na kijana anamletea hesabu kila juma kwa miezi waliyopatana. Miezi ikitimia, hati zinabadilishwa jina na pikipiki inakuwa ya kijana. Kontra yake ni ya miezi kumi na minane. Amemaliza kumi na minne. Kwenye karatasi waliyotia sahihi mbele ya mashahidi wawili, mstari wa sita unasema kwamba pikipiki ikiibiwa, deni linabaki. Mstari ule anaujua kwa moyo kuliko fomula yoyote aliyofundishwa.

Ana miaka 24. Alitoka Fataki, katika Djugu, mwaka 2018, pamoja na mama yake na wadogo watatu. Mama na wadogo wako Kigonze, ndani ya hema pembeni ya mji. Yeye anapanga chumba kimoja Mudzipela pamoja na vijana wawili. Kutoka kiti kile kilichoshonwa mara mbili kunatoka hesabu ya patroni, mafuta, sehemu yake ya kodi ya chumba, minervali ya chuo, na Jumamosi kitu cha kupeleka Kigonze: unga, sabuni, makala, wakati mwingine samaki wa Tchomia kama juma limekuwa zuri. Anaendesha kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja na nusu, anasoma hadi saa nane, halafu anarudi barabarani mpaka giza.

Chuo chenyewe ni kidogo. Majengo matatu ya mabati, uwanja wa mpira wenye goli moja lililobaki nguzo mbili bila mti wa juu, mikaratusi kando ya ukuta, vyoo, na biro ya mkurugenzi yenye veranda. Kilijengwa wakati mwanafunzi alifika kwa miguu, na aliyekuwa na baiskeli aliitwa mtoto wa tajiri. Waliosoma pale zamani wanakumbuka baiskeli chache zikiegemea mti, pikipiki ya padri mmoja aliyefundisha falsafa, na gari la mkurugenzi. Hakuna aliyefikiri kuchora kwenye ramani fasi ya kuegesha vyombo vya wanafunzi.

Leo ukifika asubuhi utakuta pikipiki zimepangwa safu tatu, vishikio vimeingiliana kama pembe za ng'ombe kwenye josho. Sababu si mwendo wala majivuno ya vijana, kama wakubwa wengine wanavyopenda kusema. Bunia haina basi linalofika kila kartie. Anayetoka Dele ama Sukisa anapanda pikipiki ama anatembea. Tangu vita viliporudi Djugu mwisho wa mwaka 2017, watu wengi wamekimbilia mjini, vyumba vilivyo karibu na chuo vimepanda bei, na wanafunzi wamesukumwa mbali zaidi. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Zamani mzazi wa Djugu aliuza ng'ombe mmoja mwezi wa kurudi kwa masomo, ama magunia ya maharagi, na mtoto akamaliza mwaka. Ng'ombe wameporwa ama wamekufa njiani, na shamba liko kule ambako hakuna anayethubutu kulala. Mtoto wa mzazi huyo anatafuta minervali juu ya magurudumu mawili. Kwa hiyo safu zile tatu ni mashamba yaliyoachwa, yamekuja kuegeshwa mjini.

Ndani ya kiwanja kila mtu anajua fasi yake bila kuandikiwa. Chini ya mikaratusi, penye sementi na paa la mabati, ni gari la mkurugenzi na ya wageni wa biro. Kando ya veranda ni pikipiki za maprofesa na wafanyakazi. Wanafunzi wanabaki na ukanda wa karibu na vyoo, wenye mteremko, ambao wakati wa mvua unakuwa tope jekundu. Pale stendi ya pikipiki inazama polepole. Unaiacha imesimama wima, unatoka darasani unaikuta imelala juu ya jirani yake, na jirani imelala juu ya nyingine. Ndiyo maana kila mwanafunzi mwenye pikipiki anatembea na kipande cha ubao ama kopo lililopondwa ndani ya mfuko wa vitabu, la kuweka chini ya stendi. Wasichana wawili wa mwaka wa kwanza walicheka walipoona kopo la maziwa likianguka kutoka kwenye mfuko wake. Mwezi uliofuata, mmoja wao alipopewa pikipiki na mjomba wake, alikuja kuuliza kopo kama lile linapondwaje.

Kuanguka si neno kubwa. Kubwa ni wizi. Wanaanza na vioo vya pembeni. Halafu mafuta, yanavutwa kwa mpira mdogo wakati wa kipindi cha pili, na mwenyewe anagundua akiwa tayari amebeba mteja. Mwaka uliopita iliondoka pikipiki nzima, mchana, siku ya mitihani, ikisukumwa na kijana aliyevaa shati safi na kubeba daftari. Mlinzi wa mlangoni alimfungulia, akamwambia pole kwa pikipiki kukataa kuwaka.

Familia ya mwenye pikipiki ilikuja chuoni. Zilikuwa siku za maneno makali. Ni baada ya hapo, mwanzoni mwa mwaka mpya wa masomo, ndipo tangazo lilipobandikwa kwenye valve, mihuri miwili chini yake. Lilisema kwamba pikipiki ya mwanafunzi itaingia ikiwa na makaro ya chuo, dola kumi kwa mwaka. Na kwamba pikipiki za taxi hazitaingia tena ndani ya kiwanja, kwa sababu za usalama.

Lazima kusema ukweli, chuo kilikuwa na sababu zake. Jimbo la Ituri liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na kiwanja ambamo vijana wasiojulikana wanaingia na kutoka na pikipiki siku nzima kinamletea mkurugenzi maswali. Wateja walikuwa wanawafuata wamotari hadi mlangoni mwa darasa. Honi zilipigwa katikati ya masomo. Profesa mmoja alisema hafundishi kwenye parkingi ya soko. Lakini aliyeandika lile tangazo hakujiuliza ni wanafunzi wangapi ambao pikipiki yao ni ya taxi na ni ya chuo kwa wakati mmoja, mwili mmoja, funguo moja.

Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni na kuzungumza na apariteri, mzee mpole ambaye wanafunzi wote wanamwita Papa.

"Papa, pikipiki hii ndiyo inalipa minervali yangu. Ikiibiwa kule nje, hata chuo kitakosa."

"Mtoto wangu, ninaelewa. Lakini si mimi niliyeandika. Toa jile, lipa makaro, ingia kama wengine."

"Nikitoa jile watanikamata barabarani."

"Basi vaa ukiwa barabarani, ukifika hapa utoe."

"Na hii namba iliyopakwa kwenye madigadi, Papa? Nayo niwe ninaitoa na kuirudisha?"

Apariteri alitazama namba ile ya chama cha wamotari, nyeupe juu ya nyekundu, akakosa la kujibu. Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Hivyo ndivyo pikipiki ilivyoanza kulala nje, kwenye avenyu, mbele ya meza ya mama mmoja anayeuza mandazi na chai. Hakuwa peke yake. Juma la pili walikuwa saba, juma la tatu kumi na zaidi. Waliofunga kwa mnyororo walifunga, na waliokosa mnyororo walitoa plagi ya mshumaa na kuiingiza mfukoni, ili pikipiki isiwake. Mfuko wa suruali yake una doa jeusi la mafuta ambalo sabuni imeshindwa. Na dirisha la benchi la tatu likawa ndiyo mali yake kubwa chuoni.

Tangu mfumo wa LMD uanze kutumika katika vyuo vya Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, kuhudhuria masomo kumepata uzito zaidi na maksi zinakusanywa mwaka mzima. Intero moja ikipotea, inaacha shimo. Hili aliwahi kumweleza patroni wake, akaomba mwezi mmoja wa mitihani alete hesabu nusu. Patroni alisikiliza vizuri, akampa chai, akasema kontra ni kontra.

Siku ya intero ya takwimu mvua ilikuwa imenyesha usiku. Maswali yalikuwa matano. Alikuwa amemaliza mawili na ameanza la tatu alipoinua kichwa kama kawaida yake. Kwenye pengo la ukuta hapakuwa na taa ya nyuma. Palikuwa na rangi ya kijani, ubavu wa lori.

Wenzake wanasema hakupiga kelele. Aliweka kalamu chini, polepole, akasimama, halafu akatoka kama mtu aliyechomwa. Alikimbia uwanja mzima wa mpira, akapita mlangoni, apariteri akamwita bila kujibiwa. Avenyu ilikuwa imejaa lori la mchanga lililokwama kwenye tope likijaribu kugeuka, vijana wanasukuma, dereva anatukana. Pikipiki haikuwa mbele ya meza. Alizunguka lori mara moja. Akazunguka mara ya pili. Mikono ilikuwa kichwani.

"Papa!" mama wa mandazi alimwita. "Papa, usilie. Ni mie nimeisogeza. Lori lingeikanyaga."

Ilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, imesimama vizuri, hata kopo la maziwa alikuwa ameliweka chini ya stendi. Yule mama na mzee mmoja walikuwa wameibeba gurudumu la mbele, maana ilikuwa imefungwa, wakaizungusha hadi pale. Hakuibiwa chochote. Alishika kiti kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo kwa muda, halafu akakumbuka karatasi yake.

Aliporudi mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Asistanti alifungua kidogo, akasema aliyetoka ametoka, ndiyo sheria ya intero, na kama angemrudisha huyu angewarudisha wote. Hakuwa na ubaya. Maksi zilipotoka alikuwa na saba juu ya ishirini, kwa maswali mawili na nusu. Hiyo nusu ilikuwa sahihi pia. Aliikamilisha usiku ule chumbani Mudzipela, kwa mwanga wa telefone, akaona kwamba angeliweza lote.

Habari ingeishia hapo, kama habari nyingi za vijana wa mji huu zinavyoishia. Lakini kulikuwa na yule mzee aliyesaidia kubeba.

Ni mtu wa Kigonze naye. Alikuwa anakuja asubuhi kumpasulia mama wa mandazi kuni na kumchotea maji, akipewa chai na mandazi mawili ya kupelekea mjukuu. Kabla ya kukimbia alikuwa mchungaji kwenye milima ya Djugu, alichunga ng'ombe wa watu na wake wachache. Hajui kusoma. Alikuwa ameona kijana akizunguka lori mara mbili, na kesho yake alimwambia: "Mjukuu wangu, ng'ombe hachungwi kwa kuchungulia dirishani. Ingia usome. Nitakaa nazo."

Vijana walicheka kidogo, kwa heshima. Mmoja akamuuliza atazitambuaje pikipiki zinazofanana, nyekundu kwa nyekundu, TVS kwa TVS. Mzee alishangaa na swali. Akaanza kuonyesha kwa fimbo: hii inachechemea, stendi yake fupi. Hii mkia wake umekatika. Hii inakohoa ikizimwa, inakohoa mara mbili halafu inanyamaza. Hii mwenyewe anaipenda, anaipangusa kabla ya kuondoka. Hii ya huyu, akamwelekeza yule kijana, ina jeraha mgongoni, limeshonwa mara mbili. Aliwahi kuchunga makundi makubwa kuliko haya, alisema, na yale yalikuwa yanatembea.

Bado walitaka jetoni, maana mchungaji anaweza kuitambua pikipiki na asimtambue mwizi. Hapo mzee alifanya kitu ambacho sasa watu wanatoka kartie nyingine kuja kutazama. Alichukua kipande cha turubai kuukuu la hema lake, kilichobaki walipobadilisha, akakikunja mara mbili, akakata kwa kisu kingo zake: mkato mmoja mrefu, miwili mifupi, pembe moja ya mviringo. Ndizo alama walizokuwa wakikata kwenye masikio ya ng'ombe ili kila mwenye mali ajulikane. Kwa kuwa alikata vipande viwili kwa pamoja, vilitoka ndugu pacha. Kimoja kinafungwa kwenye kishikio, kingine mwenye pikipiki anaingia nacho darasani. Akitoka, vinawekwa kimoja juu ya kingine, na kingo lazima zilingane. Hakuna jozi mbili zenye mkato sawa, na hakuna namba ya kughushi kwa kalamu. Kijana mmoja wa sayansi ya kompyuta alijaribu kuiga mkato kwa wembe, kwa mchezo tu. Mzee alivilinganisha, akamrudishia bila neno.

Walipatana franka mia tatu kwa pikipiki, kwa siku. Siku ya jua anaweza kupata pesa za unga na akabakiza kidogo. Siku ya mvua wengi hawaji, anapata chai tu. Anampa mama wa mandazi sehemu kwa sababu fasi ni ya meza yake. Wakati mgao unapochelewa Kigonze, na wanaoishi kule wanajua unavyochelewa, hizo mia tatu ndizo sufuria. Watu waliohama makwao wanatajwa sana mjini siku za kugawa unga. Siku nyingine haitajwi kwamba wapo wanaolinda mali ya mji.

Halafu yakaja maswali. Avenyu si ya mtu, na pikipiki nyingi kwenye avenyu zinaziba njia. Shefu wa kartie alikuja mara mbili. Kamati ya wanafunzi ikaomba kuonana na viongozi wa chuo, na walipokelewa, kwenye veranda, wote wamesimama. Waliomba ukanda wa nyuma ya goli, upande wa ndani wa ukuta, na mzee awe mlinzi wake. Ilijadiliwa vizuri hadi mmoja wa wakubwa alipouliza: "Huyo mzee anatoka wapi hasa?"

Katika Bunia swali hilo si dogo. Anayeulizwa anajua linatafuta nini: kijiji, halafu kabila, halafu hesabu ya wafu wa kila upande. Miongoni mwa wenye vipande vya turubai kuna vijana wa pande zote za Djugu, wanaokaa benchi moja na wasiopita kwenye kartie zote za mji. Wote walikuwa wanampa yule mzee funguo za maisha yao kila asubuhi, na hakuna aliyekuwa ameuliza. Pale kwenye veranda palikuwa kimya. Msichana wa mwaka wa kwanza, yule wa kopo la maziwa, ndiye aliyejibu: "Anatoka Kigonze, Papa. Anafika saa kumi na mbili na nusu."

Chuo hakikukubali yote. Makaro ilishushwa kutoka dola kumi hadi tano, na inaweza kulipwa mara mbili. Pikipiki za taxi zilibaki nje. Mlinzi asiye na kontra na chuo, walisema, hawezi kulinda ndani ya chuo, na pesa za kumpa kontra hazipo. Kuna waliokasirika. Yule kijana hakusema kitu, alikuwa na mteja anayemsubiri.

Fasi ilipatikana kwa njia nyingine. Ng'ambo ya avenyu kuna parseli isiyojengwa, imezungushiwa miti ya mikaratusi michanga na waya. Mama wa mandazi anamjua mwenyewe, aliwahi kumuuzia chai alipokuwa fundi wa baiskeli. Alikwenda kumwona Jumapili baada ya misa. Mwenye parseli akakubali wakae mpaka siku atakapojenga, bila kodi, ila wasikate miti na jioni wafagie. Wanafunzi walileta mchanga na mawe kwa mkokoteni siku ya Jumamosi, wakajaza upande unaotuama maji. Kopo la maziwa halihitajiki tena pale, ingawa yeye bado analo.

Tangu wahamie pale haijapotea pikipiki. Kimepotea kioo kimoja, na mzee alikataa kupokea mia tatu za mwenye kioo kile kwa juma zima, ingawa kijana alimwambia kilikuwa kimelegea tangu zamani. Waendesha pikipiki wengine, wasio wanafunzi, wameanza kuomba kuacha zao wakienda hospitali ama sokoni. Mzee anawauliza kwanza kama wameandika namba ya chasi mahali pa usalama nyumbani. Hilo alifundishwa na yule kijana, na sasa anawafundisha wengine kama jambo lake la tangu utoto: namba ya chasi iandikwe, na nakala ya hati isikae chini ya kiti cha pikipiki, maana mwizi ataondoka na vyote.

Mtihani wa marudio wa takwimu ulikuwa Alhamisi. Alifika saa moja na nusu kama kawaida, akampa mzee funguo, akapokea kipande chake chenye mkato mmoja mrefu na miwili mifupi. Alipoingia darasani, benchi la tatu karibu na dirisha lilikuwa wazi. Alilitazama. Akaenda kukaa katikati, mstari wa pili, mbele ya ubao, fasi ambayo hajawahi kuikalia tangu mwaka uanze. Wenzake wanasema aligeuza kichwa mara tatu ama nne upande wa dirisha, kwa mazoea, lakini kutoka pale hakuna kinachoonekana isipokuwa ukuta. Aliandika hadi muda ulipokwisha. Matokeo hayajabandikwa kwenye valve.

Alipotoka alikuta pikipiki zimesogezwa upande mmoja wa parseli. Katikati palikuwa na rundo la matofali yaliyoletwa asubuhi, bado ya moto kutoka tanuru, na fundi akipima ardhi kwa uzi na vigingi. Mzee alikuwa amesimama karibu naye, fimbo mgongoni, akimuuliza mlango wa nyumba utakuwa upande gani, ili ajue kesho aanzie wapi safu ya kwanza.